Dende Aliyekula Nywele Zake

Enzi zile, sisi watoto wa milima ya Kirolirwe, kule Masisi, hatukujua kulala peke yetu ni nini. Jikoni kwa nyanya tulipangana juu ya majani makavu, mbuzi anatupumulia usoni, dende wanapita juu ya matumbo yetu. Dende, ile nyama ndogo isiyo na mukia, wengine wanaiita simbilisi. Ilikuwa nyama ya wamama na watoto. Wanaume walikulaka pia, lakini ukimuuliza mwanaume amekula nini, anajibu "kuku", na mafuta bado yanang'aa kwenye ndevu.

Dende wangu alikuwa na nywele nyeupe juu ya kichwa kama kofia ya misa kubwa, njo nikamuita Askofu. Katekista wetu alinichapa juu ya hilo jina. Mapigo yaliisha, jina likabaki.

Kisha mujomba, ndugu ya mama, akarudi kutoka shamba la pareto la Muzungu, kwenye alikuwa karani. Alikuja na viatu, kofia, na ugonjwa wa wakati ule: alitaka kuwa evolue, maana yake mweusi aliyepewa karatasi inayosema amestaarabika. Alikula viazi na uma. Viazi vilianguka, kuku wakashukuru. Akaona dende chini ya kitanda cha nyanya, akashika pua.

"Dada, munaishi na nyama kama washenzi! Mapadri wanafungia sungura zao mu sanduku."

Akapigilia mbao za sanduku la sabuni, akaweka miguu mirefu na dirisha la waya. Askofu akachaguliwa kuwa evolue wa kwanza wa nyumba yetu. Nilifurahi sana, nilimuona amepanda cheo. Majani marufuku, juu eti majani ni ya ng'ombe. Alipewa mukate na wali, vitu ambavyo mimi nilionaka Noeli tu.

Haikupita muda, Askofu akaanza kujikula nywele. Kwanza ubavu, kisha mugongo. Alikaa mu pembe, anatafuna, anatafuna, mpaka akafanana na kuku aliyeponyoka mu maji ya moto. Kichwa tu njo kilipona, juu meno hayafiki kule: kanzu ilikwisha, kofia ikabaki.

Mujomba akasema ni viroboto, akamuosha na sabuni. Askofu akaendelea kutafuna, sasa na povu. Katekista akasema, "Mungu anamuvua kanzu aliyoiba."

Nyanya hakucheka. Kwetu, mutu ananyolewa kukiwa kilio. Na papa, baba yetu, alikuwa amekwenda Walikale, kazi ya kukata barabara mu pori, hakuna habari yake.

"Huyu anajinyoa," nyanya akasema. "Anamulilia nani mu hii nyumba? Kesho anaingia mu chungu, kabla hajatuitia kifo."

Mama alimufikiria papa, akaenda kuosha chungu. Mimi nililia mpaka kamasi ikafika kidevuni, hakuna aliyenipangusa.

Asubuhi mvua ilikuwa imelowesha kuni zote. Mama akaangalia sanduku: mbao kavu, safi. Akamutoa Askofu, akamuweka chini, akapasua nyumba yake ili amupike nayo. Askofu hakungojea moto. Mbio chini ya kitanda, katikati ya wenzake, mwii! mwii! mwii! kelele ya soko, akashambulia majani ya kulalia. Nyanya akapiga magoti na fimbo, makalio juu, akamutafuta mpaka kicheko kikamushinda.

"Mumuache! Kumbe alikuwa na njaa ya majani na njaa ya watu wake. Meno yakikosa kazi, yanakula mwenyewe."

Papa alirudi kutoka Walikale muzima, na nyama ya kukauka begani. Alimukuta Askofu na kanzu mupya. Na mujomba alikuwa analala mu majani katikati yetu. Baridi ya Masisi haisomaka karatasi.

Leo niko Goma, kwa binti yangu. Amenipa chumba changu peke yangu, televizyo, na dirisha la vyuma. Asubuhi mukate laini. Wajukuu, kila mumoja iko kwake na telefone, wanaandikiana kutoka chumba mpaka chumba kama maofisa, wanatafuna kucha.

Juzi binti yangu akaniuliza, "Papa, mbona unajinyofoa ndevu? Tukupeleke kwa munganga?"

Nikamwambia anitandikie majani jikoni. Akacheka, akaniongezea mukate. Najua ananipenda, kama vile nilimupendaka Askofu. Lakini sanduku langu ni la sima, ile saruji ya mujini. Hata mvua inyeshe namna gani, hakuna mama atakayelipasua apate kuni.