Ordinateur yenye convertisseur yangu ilikataa

Munisamehe, ndugu wa hii WhatsApp, tangu asubuhi munauliza kama nilipata ordinateur, ile kompyuta ya kazi, na sijajibu.

Bon, niliipata. Kisha nikairudisha.

Nilichagua ile kubwa ya kuchora plan, ramani za nyumba, juu client wangu anangoja yake lundi, jumatatu. Kwa duka, groupe, jenereta yao, inanguruma inje, plan ilifunguka mbio. Nikafurahi.

Kufika nyumbani, nikachomeka chargeur yake kwa convertisseur, ile inageuza umeme ya panneau yetu ya jua. Piii! Chargeur ilivuta umeme mingi, yote ikazima, hata ventilateur ya upepo. Mutoto akaamuka na kilio.

Nikarudi kwa duka naye mugongoni. Tonton muuzaji akacheka:
“Maman, unarudisha machine juu iko na nguvu sana?”
“Tonton, nguvu yenye haiwake kwangu itanisaidia nini?”

Nikakaa pale, nikinyonyesha, mupaka tonton akanibadilishia.

Hii ndogo, convertisseur inaibeba. Lakini mémoire, ile RAM, haitoshe: unafungua plan, unaosha sahani zote, unarudi, ingali inafunguka. Muko munacheka? Mie nimechoka.

Donc, mwenye anapanda ndege ya kutoka Kinshasa kuja huku mbele ya lundi aniletee: barrette moja ya mémoire, DDR4, giga 16, ya portable kama hii yangu, hapana ya ordinateur ya mezani. Na souris moja, kipanya ya waya.