Miraba Sita Kwenye Kioo

Zipo siku nyingi za ujana nilizozisahau, mwanangu, lakini moja ya mvua pale Ngonga naikumbuka hadi harufu ya risasi ya kuchomea waya. Nilikuwa fundi redio, kijana wa kidato cha nne, na nilitaka kila mtu ajue kwamba nimefika kidato cha nne. Mwenzangu kwenye kibanda, Ambakisye, aliishia darasa la saba. Mikono yake ilikuwa bora kuliko yangu. Hilo sikuwahi kumwambia.

Kanisa letu lilituletea amplifaya ya zamani, ile yenye taa za kioo ndani. Kwaya iliihitaji Jumapili. Amplifaya za aina hiyo hubaki na umeme kwenye kapasita, vile vikopo vya kutunzia umeme, hata ukishazizima, kwa hiyo kabla ya kuingiza mkono lazima upime. Nilikuwa na osiloskopu, mashine ya kupimia umeme, niliyoinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahamishwa. Kioo chake kimechorwa miraba. Mstari wa mwanga ukipanda, unahesabu miraba, unazidisha kwa namba iliyo kwenye swichi ya kuzungusha, unapata volti.

Nikagusisha waya wa kupimia. Mstari ukapanda miraba sita. Swichi ilikuwa kwenye tano.

"Volti thelathini," nikasema. "Hizo hata kuku hashtuki. Fungua."

Ambakisye akainama kuangalia kishikio cha ule waya. "Kaka, hapa pana kiswichi kingine. Kimekaa kwenye kumi. Hakihusiki?"

Nilikiona. Sikujua kazi yake, na sikutaka kusema sijui.

"Leo darasa la saba anafundisha fizikia! Fungua bwana, kwaya wanasubiri."

Akacheka. "Haya, profesa." Akaingiza mkono.

Kiswichi kile kilikuwa kinapunguza umeme mara kumi kabla haujafika kwenye kioo. Zilikuwa volti mia tatu. Alifariki kabla hatujapata gari.

Kwetu, kabla jeneza halijashushwa, aliyekuwa na marehemu husimama kuwaeleza watu kifo kilivyotokea. Nilisimama kando ya migomba ya baba yake kule Makwale, suruali imelowa hadi magotini, nikasema, "Aligusa kabla sijamaliza kupima."

Watu wakaguna. Baba yake akatikisa kichwa. "Haraka," akasema. "Tangu mdogo nimemkanya haraka."

Tangu hapo jina la Ambakisye likawa la kuonyea watoto. Mtoto akikimbilia chungu cha moto, anaambiwa asiwe kama Ambakisye. Nililisikia hivyo mara nyingi, nikasalimia, nikapita.

Nilipokwenda kusema kweli nilikuwa na mvi. Nilimkuta baba yake Ambakisye uani anageuza kakao juani, macho yamepungua nuru. Nikamweleza yote. Mikono yake ikasimama ndani ya kakao.

"Aliuliza?"

"Aliuliza, baba."

"Na wewe ukamcheka."

"Nilimcheka."

Akaanza tena kugeuza kakao. "Nimemsema vibaya mwanangu hata kwa wajukuu ambao hawakumwona. Wewe umenipata mimi wa kumwomba radhi. Mimi nimwombe nani?"

Hakunifukuza, ila hakunikaribisha tena. Alikufa masika yaliyofuata.

Siku hizi, mwanangu, namba ya volti huandikwa pembeni mwa kioo chenyewe, nanyi vijana mnaiamini kama nilivyoiamini ile swichi. Usiisome kabla hujaona kioo kimewekwa kipimo gani na waya umewekwa kipimo gani, na kama vinakubaliana. Mwenzako akikuuliza usilolijua, sema hujui, na kazi isimame hata kama kanisa zima linasubiri. Ukikosea, kiri siku hiyohiyo. Nilidhani nimeficha kosa langu, kumbe nilimvika mtu asiyeweza kujitetea, na nikamnyang'anya baba yake mtoto mara ya pili.

Mungu akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao. Akulinde mkono uingiapo kwenye umeme, na kila uliyetoka naye kwenda kazini, mrudi wote nyumbani mkiwa wazima.