Siku Niliyompita Fulgensi

Asubuhi ile, mwanangu, iko machoni pangu mpaka leo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani bandarini, nakaa mtaa wa Nyakabiga. Vita vilikuwa vimetufundisha kutembea karibu na kuta, lakini mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja: mbio. Amri ya kutotoka nje ikiisha tu alfajiri, navaa viatu vyangu vya mtumba nashika barabara ya Ruziba, ziwa kuume, milima kushoto.

Katika barabara hiyo alifanya mazoezi Fulgensi. Huyo alikuwa mkimbiaji hasa, wa kuitwa Ulaya kushindana. Alikuwa amerudi kumwona mama yake, na mashindano makubwa yalimngoja mwezi uliofuata. Aliniruhusu nimfuate. Mimi nahema kama mbuzi anayeburutwa sokoni. Yeye anakimbia huku ananisimulia baridi ya huko. Sharti lake lilikuwa moja: "Kwa barieri ya askari tunatembea. Mbele ya bunduki, mutu mwenye kukimbia ni mutu mwenye kukimbia kitu."

Usiku wa kuamkia siku ile milio ya risasi ilikuwa imetoka milimani, walikojificha waasi. Fulgensi akaenda polepole, mimi nikaona nafasi yangu imefika. Ujana, mwanangu! Kulikuwa na akina mama njiani wamejitwika ndizi, nikataka wakasimulie sokoni kwamba karani wa bandari amempita bingwa. Nikampita. Nikamsikia akiniita, nikadhani ni wivu. Nikaongeza mwendo. Barieri, kile kizuizi cha askari, niliiona, nikajiambia nitasimama nikifika.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

"Simama!"

Bunduki tatu zilikuwa zimenielekea. Nilisimama, lakini pumzi ilikuwa imenikata, hata jina langu sikuweza kulitamka.

"Unatoka mulimani! Wenzako wako wapi?"

Wakanilaza kifudifudi juu ya lami. Nikasikia bunduki ikikokiwa nyuma ya kisogo changu. Nikaanza Baba Yetu, maneno yakanipotea.

Kisha nikasikia hatua za mtu, polepole. Fulgensi angeweza kugeuka, na katika nchi nzima nani angemfikia? Alikuwa anakuja akitembea, mikono juu.

"Apana, wakubwa, apana. Huyu ni mwenzangu. Tunafanya mazoezi."

"Kama ni mwenzako, kwa nini yeye anakimbia na we unatembea?"

Kabla hajajibu, kitako cha bunduki kilimpiga chini ya goti. Nilisikia mfupa. Ndipo askari mwingine akamtambua sura, wakatuachia. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye ambaye sikusikia. Guu lililovunjika lilikuwa la mwenzangu. Mashindano yalikwenda bila yeye. Baadaye alikimbia tena, lakini Ulaya hawakumwita.

Wiki nzima niliogopa kwenda kwao. Nilipokwenda, mama yake aliniwekea ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kama mgeni yeyote. Fulgensi akalivuta guu lake lililofungwa, akanigeukia.

"We uliniona niko polepole, ukasema nimechoka," alisema. "Mi nilikuwa naisikiliza barabara."

Mwanangu, nilimwomba msamaha, na alinipa. Kusamehewa hakukuuunga ule mfupa. Ndiyo maana nakuambia: usimpite mtu ambaye hashindani nawe. Aliyekutangulia akipunguza mwendo, punguza nawe, kisha uliza sababu. Sifa za njiani haziponyi mtu, na kosa lako laweza kulipwa na mwili wa mwingine. Ukikosea, nenda ukaombe radhi mapema, usingoje wiki kama mimi.

Mungu akupe pumzi ndefu na masikio mepesi. Akulinde katika kila barabara utakayoishika, na akujalie kufika nyumbani pamoja na wote ulioondoka nao.