Unywele Mmoja Motoni

Kabla ya kufungua saluni ugenini hapa, mtaa wa Rosettenville, nilifundisha kemia sekondari kule Morogoro, na majivuno ya ualimu hayajanitoka. Wigi haliguswi saluni kwangu kabla sijachomoa unywele mmoja na kuuchoma kwa kibiriti mbele ya mteja. Nywele ni protini. Sukari na mafuta ni kaboni, hidrojeni na oksijeni, basi. Protini ina nitrojeni pia, na ile ya nywele imejaa salfa. Salfa haijifichi, ikiungua jengo zima linainusa. Plastiki inayeyuka tu na kuacha kidonge.

Jumamosi moja alikuja binti mmoja wa mtaa wa jirani, Turffontein, na mama yake, Mkongomani wa Uvira, kichwa kimefungwa kitenge. Dawa za saratani zilikuwa zimemaliza nywele za yule mama, na tangu hapo hakukanyaga tena kanisani, yeye aliyekuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Binti akanikabidhi boksi la wigi kwa mikono miwili.

"Ni nywele za mtu, anti. Nimezunguka mji wote. Kesho mama anaimba."

Nikachoma, kwa mazoea tu. Unywele ukajikunja, kikadondoka kidonge cheusi. Harufu ilikuwa ya ndoo ya plastiki iliyoungua. Nikamwona binti anavyomtazama mama yake, nikakichukia kibiriti changu.

"Za mtu kabisa," nikasema. Mwalimu mzima!

Binti akafurahi, akaomba nizinyooshe kwa pasi. Pasi ingeziyeyusha zote. Nikadanganya tena kwamba pasi imeharibika, nikamtuma spaza, kile kiduka cha pembeni, alete maziwa ya chai, nipate kufikiri.

Alipotoka, mama akacheka kidogo.

"Dada, kule Uvira nilikuwaka nauzisha supu ya vichwa vya mbuzi. Vingapi nilibabua na hii mikono! Nywele ikiungua, harufu yake naijua."

Aibu ikanishika mpaka masikioni. Nikaanza kumwomba radhi.

"Acha," akasema. Akakifungua kitenge mwenyewe, akaniinamishia kichwa kitupu, chenye alama za mikunjo ya kitambaa. "Univalishe mbio. Mutoto akirudi, anikute nimeshakuwa muzuri."