Kitambaa Mguuni mwa Meza

Mwaka wa tatu wa vita, barua za kijiji chetu zililetwa na mama mmoja mwenye vidole vilivyopasuka kwa baridi. Barua ya mtu ikimpotea mkobani, jamani, alivua kitambaa cha kichwani, akakifunga mguuni mwa meza yako, akamsemesha yule babu asiyeonekana, mzimu wa nyumba anayekaa nyuma ya jiko na kuficha vitu: "Babu, babu, umecheza vya kutosha, sasa rudisha." Hakukifungua mpaka kitu kionekane.

"Shangazi, mwache mzee wa watu alale!" nilimtania siku barua yangu ilipopotea.

"Cheka tu, Glasha. Ikionekana, nitampa jirani aisome kabla yako."

Na ilionekana, imejibana kwenye mshono wa mkoba.

Mwezi wa pili, siku mbili hakupita. Nikaenda kwake. Mezani palikuwa na karatasi ya jeshi: mwanawe hajulikani alipo. Yeye alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anakaza fundo kwa meno.

"Babu," alisema, "umecheza vya kutosha."

Siku ya tatu alitugawia barua kichwa wazi, theluji ikimwangukia nyweleni. Hakuna aliyemuuliza kitambaa kiko wapi.