Sauti ya Mke Wangu Ndiyo ya Mwisho Kwenye Grupe la Darasa

Admin, ukitundika haya naomba jina langu lisionekane, wala la shule. Baraka, huku kwetu Kongo, si mji mkubwa.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na sita, mwalimu. Mke wangu naye alikuwa mwalimu kwenye shule hiyo hiyo. Yeye alifundisha hesabu darasa la nane, mimi darasa la tano. Alifariki baada ya Noeli, akiwa ameugua miezi minne. Watoto wetu wako na familia zao Uvira, nami nimebaki peke yangu nyumbani. Bado napika bugali wa watu wawili, maana mkono wangu haujui kipimo kingine. Alikuwa na tabia ya kufunga vipande vya chaki kwenye pindo la kitenge. Mpaka leo nikifungua sanduku lake naona vumbi jeupe kwenye mikunjo.

Alipokuwa mgonjwa, simu haikumtoka mkononi. Aliisogeza mdomoni, akazungumza kwa sauti ndogo, akapumzika, akaanza tena. Nilidhani anapiga stori na wadogo zake wa Nundu, nikawa namnung'unikia. Hakunieleza, na najua kwa nini. Shuleni mimi ndiye niliyesimama langoni kila asubuhi na besani la plastiki, wanafunzi wakubwa wakitia simu zao humo hadi saa ya kutoka. Nilikuwa nasema mtoto hujifunza kwa mkono: mwalimu anaandika ubaoni, mtoto ananakili daftarini. Ndivyo nilivyosoma mimi kule Lubondja, na sikuona sababu ya kubadilisha.

Baada ya mazishi mkurugenzi wa shule aliniomba nimalizie darasa la marehemu. Niliingia na chaki yangu. Niliandika, wakanakili, ubao ukajaa nikafuta. Nikiuliza swali, waliinamia madaftari. Lakini kwenye mazoezi baadhi yao walipata jibu kwa njia ambayo sikuwafundisha, njia fupi na safi. Nikadhani wananakiliana.

Siku moja nilimkuta msichana mmoja, nitamwita Neema, ameipitisha simu langoni kwa siri, na waya wa masikioni ameuficha chini ya kitambaa cha kichwa. Nilikasirika. Nilimwambia asimame, achomoe waya na kuongeza sauti, darasa lote lisikie muziki wake.

Akasema polepole, "Mwalimu, haiko muziki."

Nikamwambia aweke tusikie.

Ikatoka sauti ya mke wangu. "Batoto bangu, leo nimeamka na nguvu kidogo. Mukamate kalamu." Akaanza kueleza hesabu, hatua kwa hatua, akipumua kati ya hatua na hatua. Kisha nyuma yake ikasikika sauti ya mwanaume, kali: "Unaongeaka na nani siku muzima na hiyo simu? Chumvi iko wapi?" Naye akajibu, akiniita kama alivyoniita nyumbani, "Iko mu kopo ya maziwa, Baba Riziki." Akakohoa, akacheka kidogo, kisha akasema, "Haya batoto, tulifika wapi?"

Hakuna mtoto aliyecheka. Hapo nilielewa kwamba wameshaisikia mara nyingi. Hawa ni watoto wanaoiga mwendo wa kila mwalimu, lakini ile ya chumvi hawakuwahi kuniiga. Niliweka chaki mezani nikatoka, nikasimama nyuma ya ofisi mpaka kengele ilipolia.

Neema alinifuata huko kunieleza. Marehemu alikuwa amefungua grupe la WhatsApp la darasa, akawa anawatumia masomo kwa sauti kutoka kitandani. Waliohamia Lweba waliyapata, hata wale waliofuata wazazi mashambani, ambao hupanda kilimani kutafuta mtandao. Somo la mwisho lilikatika katikati. Aliwapa hesabu moja akasema, "Jibu nitawapa kesho." Tangu siku hiyo hakuna aliyeandika chochote kwenye grupe, hata salamu. Hakuna aliyewakataza.

"Tunaogopa kupita juu yake," Neema akasema. "Lakini mutihani iko karibu, Mwalimu. Tuko naomba umalize we. Mutu wa kupita juu yake akuwe we."

Simu ya mke wangu ilikuwa sandukuni, imezimwa, chini ya vitenge. Niliipeleka kwa jirani mwenye paneli ya jua kuichaji. Neema alinifundisha saa ya mapumziko, pale pale darasani, jinsi ya kubonyeza na kuachia ili kurekodi sauti. Nilikosea mara nyingi. Hakunicheka, alisema tu, "Rudilia, Mwalimu," kama vile mimi nilivyozoea kuwaambia wao.

Besani nimelirudisha jikoni. Hesabu yenyewe naijua. Nimeirekodi mara tatu, na mara tatu nimeifuta. Nikituma, sauti yake haitakuwa ya mwisho tena. Yatakuja maswali ya watoto, majibu yangu, masomo mengine, naye atasukumwa juu siku baada ya siku, mpaka kidole kichoke kumtafuta. Nisipotuma, watoto wataingia kwenye mtihani na somo lisilomalizika, lile ambalo mwanamke yule alilitolea pumzi zake za mwisho, nami nikamuuliza chumvi.

Binti yangu wa Uvira anasema, "Papa, ni simu tu." Labda ni kweli. Lakini nyumba hii haina sauti nyingine.

Ninyi mliofiwa, na ninyi mnaofundisha watoto wa siku hizi, nishaurini kwa upole. Nitume? Na nikituma, nianze na neno gani? Yeye kila somo alianza na "Batoto bangu." Sijui kama mimi nina haki ya kuwaita hivyo.