Nyungo za Theluji

Watoto wa Bi Kheiria walipopanga safari ya Georgia, mama yao walimpangia sehemu yake kabisa: kiti karibu na moto, blanketi, chai ya tangawizi, na dirisha la kuwatazama wengine wakiteleza kwa ski. Walikuwa sebuleni kwao Mawaleh, mjini Maskati, kiyoyozi kikinguruma. Bi Kheiria akawaacha wamalize.

"Mimi nnapanda," alisema.

"Unapanda wapi, Mama?" aliuliza Lamya, bintiye. "Na goti hilo?"

"Kileleni. Kwa ungo."

"Bibi, kwa ungo si unapaa moja kwa moja?" alitania mjukuu wake, Hadeel. "Watatwita wachawi huko!"

Wakacheka. Lakini yeye hakuwa na jina jingine. Viatu vya kutembelea kwenye theluji, alivyovaa ujanani alipokuwa akisomea uuguzi ng'ambo, mjini Sofia, vilikuwa fremu za mbao zilizosukwa kwa kamba za ngozi, vipana kama nyungo za kupepetea mchele. Wanafunzi wenzake wa Kizanzibari waliviita nyungo tangu siku ya kwanza.

Siku moja yeye na wenzake wanne walipanda mlima wa huko, wakayapita maeneo ya ski, watelezaji wakabaki chini wadogo kama punje za ufuta. Kilele kilikuwa kimeshaonekana pale fremu ya mguu wake wa kushoto ilipopasuka. Kheiria, ambaye hata darasani alijibu kwa kunong'ona, akapiga ukelele mlima mzima ukasikia:

"Nngojeni! Nimevunja ungo!"

Maneno ambayo msichana humwambia somo yake tu, tena sikioni, yeye aliwatangazia wavulana wanne.

Wote waligeuka. Kisha mmoja wao, Mahfoudh, akainama, akashika magoti yote mawili. Kwanza hakutoa sauti, halafu ukaja mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Wenzao wakaendelea kupanda. Yeye alishuka naye, kamshika mkono, akila viapo njia nzima.

"Wallahi sikucheka, bibie."

"Umecheka."

"Basi ntakupandisha siku nyingine. Mpaka juu."

Siku nyingine haikuja. Ilikuja harusi yao, ikaja Maskati, kazi, watoto, na mwaka juzi yakaja mazishi ya Mahfoudh. Watoto waliwahi kuuliza habari za mlima ule. Aliwajibu kwamba kiatu kilikatika, basi.

Huko Georgia walimpa viatu vya plastiki vya rangi ya machungwa, vigumu, visivyo na kamba hata moja. Goti lilimuuma tangu mwanzo. Lamya alimfuata nyuma, na kila kona alisema, "Turudi, Mama," asijibiwe. Bi Kheiria aliegemea fimbo zake, akapumzika, akapanda tena, mpaka hapakuwa na pa kupanda.

Upepo ulikuwa mkali. Aliitazama miguu yake.

"Haya, Mahfoudh," alisema. "Nimefika, na ungo mzima."

"Ungo gani mzima, Mama?"

Basi akamwambia, neno kwa neno, uso ukimwaka kama wa msichana. Lamya alimkodolea macho. Kisha akainama, akashika magoti yote mawili, na kwa muda hakutoa sauti yoyote.

Bi Kheiria alisimama pale kileleni, akiusubiri mluzi.